Wazee wa Busara wa Lyon na Ugomvi wa Ujira

Wanafunzi wangu huchanganya maneno mawili kila mwaka: msuluhishi na mwamuzi. Msuluhishi huwaketisha wagomvi mpaka wapatane wao wenyewe. Mwamuzi husikiliza kisha hukata shauri, apendwe asipendwe. Watanzania walipounda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa sheria ya mwaka 2004, ili ishughulikie migogoro ya kazi, waliyaweka maneno yote mawili katika jina lake, na kwa haki kabisa. Tofauti hiyo, ndugu msomaji, yaonekana wazi katika historia ya mji wa Lyon, Ufaransa, mji wa wafumaji wa hariri.

Katika mji huo mfanyabiashara hakuwa na kiwanda. Alinunua uzi wa hariri, akaupima kwa mizani, akampelekea fundi mkuu aliyekuwa na vitanda vyake vya kufumia nyumbani. Fundi naye aliajiri wafumaji na kufundisha vijana. Nguo ilipokwisha ilirudishwa, ikapimwa tena, na hapo ndipo maneno yalipozuka. Hariri hunyonya unyevu wa hewa, hivyo uzito wake hubadilika bila mtu kuugusa. Tena katika kufuma, sehemu ya uzi hupotea. Je, upungufu huu ni taka ya kazi, au ni wizi? Mfanyabiashara akikata fedha kwa uzi uliopungua, fundi aweza kujikuta amefanya kazi ya majuma kadhaa kwa ujira usiotosha kulipa mkate na kodi ya nyumba.

Zamani vyama vya mafundi ndivyo vilivyoamua mambo hayo. Mapinduzi yalivifuta mwaka 1791, na pengo likabaki. Ndipo sheria ya tarehe 18 Machi 1806, zama za Napoleon, ilipounda baraza la Lyon lililoitwa la prud'hommes. Neno hilo la Kifaransa cha kale lina maana ya mtu mwadilifu mwenye busara. Sisi tungesema wazee wa baraza, ingawa wao hawakuchaguliwa kwa mvi.

Utaratibu wake ulikuwa mwepesi. Kila siku, tangu saa tano asubuhi hata saa saba mchana, waliketi watu wawili, mfanyabiashara mmoja na fundi mkuu mmoja, na wagomvi wakafika mbele yao kwa miguu yao wenyewe. Kazi ya wawili hao ilikuwa kupatanisha tu. Waliposhindwa, shauri lilikwenda mbele ya baraza zima, ambalo liliweza kuhukumu hadi faranga 60 bila gharama za mahakama wala rufani. Kwa mtu wa kipato kidogo, haki isiyomgharimu siku kumi za kazi ni neema kubwa.

Lakini hebu tuhesabu viti. Wajumbe walikuwa tisa: wafanyabiashara watano, mafundi wakuu wanne. Mfumaji wa kuajiriwa hakuwa na kiti wala kura. Fundi mkuu naye hakuweza kuchaguliwa asipojua kusoma na kuandika. Mizani iliyoinama kwa kiti kimoja bado ni mizani iliyoinama.

Jambo hilo lilidhihirika mwaka 1831. Bei za kufuma zilikuwa zimeshuka sana, na tarehe 25 Oktoba wajumbe wa pande mbili walikubaliana mbele ya mkuu wa mkoa juu ya viwango vya chini vya malipo. Baraza likapewa kazi ya kusimamia mapatano hayo. Wafanyabiashara wengi walikataa kuyatii. Tarehe 21 Novemba wafumaji walishuka kutoka mlima wa Croix-Rousse na bendera nyeusi iliyodai kuishi kwa kazi au kufa kwa kupigana. Mamia ya watu waliuawa na kujeruhiwa. Wafumaji waliushika mji kwa siku chache. Kisha jeshi likaingia mapema Desemba, mapatano yakafutwa, na mkuu wa mkoa akaondolewa.

Linalonigusa zaidi mimi mwalimu wa lugha ni lile lililofuata. Wafumaji walikuwa na gazeti lao, L'Écho de la fabrique, lililotoka tangu mwishoni mwa Oktoba 1831 hata Mei 1834. Humo waliandika habari za vikao vya baraza: nani alidai nini, na baraza lilisemaje. Walitaka maamuzi yaandikwe na kufuatwa, ili shauri la leo lisiamuliwe kinyume cha lile la jana. Pia walidai mtu aruhusiwe kusemewa na mwenzake. Sheria ilimtaka kila mtu afike mwenyewe, jambo lililoonekana la haki. Lakini mfumaji asiyezoea kusema mbele ya watu, akisimama na mfanyabiashara aliyezoea mikataba na hesabu, alikwisha kushindwa kabla hajafungua kinywa. Nani kati yetu hajamwona mwanafunzi ajuaye jibu akinyamaza kwa kukosa maneno?

Baada ya mapinduzi ya 1848, sheria ya tarehe 27 Mei iliwapa wafanyakazi kura na viti sawa na waajiri. Wanawake, ambao mikono yao ilikuwa katika hariri tangu mwanzo, walipata kura mwaka 1907 na haki ya kuchaguliwa mwaka 1908. Sheria ya 1979 ilieneza mabaraza haya Ufaransa nzima. Siku hizi wajumbe hawapigiwi kura tena, bali huteuliwa kwa kupendekezwa na vyama vya wafanyakazi na vya waajiri. Shauri huanza bado kwa kupatanishwa. Likifika kuamuliwa, huketi wanne, wawili kwa wawili. Na wakigawanyika sawasawa, huitwa hakimu wa kazi hiyo aketi nao, nalo husikilizwa upya.