Mkanda wa Njano Ulivyofika Gisimenti

Ukimwona mtoto Gisimenti, mtaa wa Remera jijini Kigali, upande wa Uwanja wa Amahoro, amevaa suti nyeupe ya judo na mkanda wa njano kiunoni, usidhani rangi hiyo imetoka Tokyo. Kodokan, shule ya judo ya Jigoro Kano iliyoanza huko 1882, ilikua kwa mkanda mweupe na mweusi; kahawia ulikuja baadaye. Njano, chungwa, kijani na bluu ni kazi ya Ulaya, na iliyozisambaza zaidi ni klabu moja ya Paris, Jiu-Jitsu Club de France, iliyoanzishwa 1936.

Mhimili wake mmoja alikuwa Moshe Feldenkrais, mhandisi aliyefanya kazi katika maabara ya Frédéric Joliot-Curie. Wa pili alikuwa mwalimu, Mikinosuke Kawaishi, aliyefika Paris 1935 akiwa ameshafundisha Marekani na Uingereza. Wanafunzi wengi walikuwa wasomi, watu wa kuuliza "kwa nini" kabla ya kukubali kuangushwa. Kawaishi hakugombana nao. Aliwapa ngazi wanazoziona kwa macho, mkanda baada ya mkanda. Rangi hakuzibuni yeye: klabu ya Budokwai ya London, iliyoanzishwa 1918, ilizitumia tangu miaka ya 1920.

Alichobuni ni mpangilio. Aliyaweka kando majina ya Kijapani, akaigawa mitupo kwa mguu, nyonga, bega na mkono, kisha akaipa namba. Chukua osoto-gari: unamvuta mwenzako mpaka uzito wake wote ukae kwenye kisigino kimoja, unapita ubavuni mwake, unaufagia mguu ule kwa nyuma. Mtama, basi. Paris uliitwa "wa kwanza wa mguu", na Mfaransa aliyeingia ukumbini jioni baada ya kazi aliukumbuka hadi wiki iliyofuata.

Mwaka 1939 Maurice Cottreau akawa Mfaransa wa kwanza kufundishwa huko hadi mkanda mweusi. Mwaka 1943, Wajerumani wakiwa bado mjini, Jean de Herdt alitwaa ubingwa wa kwanza wa Ufaransa. Shirikisho likafuata 1946.

Kisha 1951 Ichiro Abe akafika Toulouse na mafunzo ya Kodokan yenyewe: mwendo, wepesi, majina ya asili. Wengi walimfuata, ugomvi ukawagawa, wakaungana tena 1956. Namba zikafa. Kwa maoni yangu zilistahili kufa, maana zilimfunga mchezaji asielewane na wenzake wa nje. Lakini mikanda ilibaki, na shirikisho la Ufaransa leo lina wanachama zaidi ya nusu milioni, bingwa wa Olimpiki Teddy Riner akiwa mmoja wao.

Makocha wa Remera, nanyi mnawafundisha watoto wanaowaza kwa Kinyarwanda, na wengine kwa Kiswahili. Mbinu mnazotumia kuwaelewesha ziandikeni. Kawaishi aliandika zake, ndiyo maana tunaweza kuzijadili.