Kutoka Siwa hadi Desibeli: Historia ya Kibali cha Sauti ya Hadhara nchini Kenya

Utangulizi

Mjadala kuhusu kelele za sherehe, mikutano na burudani za nje nchini Kenya huchukuliwa aghalabu kuwa mjadala wa mazingira. Sheria zinazotajwa ni za miongo ya karibuni, na lugha yake ni ya vipimo. Insha hii inachunguza historia iliyotangulia vipimo hivyo. Hoja kuu ni kwamba kibali cha sauti ya hadhara kimepitia awamu tatu. Katika miji ya kale ya pwani kililinda cheo. Chini ya ukoloni na katika miongo ya mwanzo ya uhuru kililinda usalama wa dola. Na tangu mwaka 2009 kinakusudiwa kulinda afya na utulivu wa raia. Sababu za kudhibiti zimebadilika, lakini swali la nani mwenye mamlaka ya kuamua sauti ya nani isikike limeendelea kuwepo ndani ya kila awamu.

Siwa: sauti kama cheo

Siwa ni baragumu kubwa lililopulizwa katika ndoa, tohara na shughuli za utawala kwenye visiwa vya Lamu na Pate. Siwa ya Pate ilichongwa kwa pembe za ndovu, na ile ya Lamu ilitengenezwa kwa shaba. Haikuwa ala ya kila mwenye furaha. Ilipulizwa kwa ajili ya koo zilizotambuliwa, kwa ridhaa ya waliokuwa na mamlaka juu yake.

Uzito wa ridhaa hiyo unaonekana katika mapokeo ya Habari za Pate kuhusu Mwana Darini, ambaye mumewe aliuawa kwa amri ya sultani. Sultani alipoandaa tohara ya mwanawe, Mwana Darini naye aliazimia kumtahiri wake. Akanyimwa siwa. Badala ya kuacha shughuli au kuifanya kimya, alimwita sharifu aliyekuwa fundi hodari, akamchongea siwa mpya. Nakala zilizopo za Habari za Pate ziliandikwa muda mrefu baada ya matukio, hivyo masimulizi haya hayawezi kuchukuliwa kama kumbukumbu ya siku kwa siku. Hata hivyo, yanaonyesha bayana jinsi jamii iliyoyahifadhi ilivyoelewa sauti. Kunyimwa siwa hakukuhusu ukubwa wa mlio wake. Tohara isiyo na siwa ingeutangazia mji kwamba ukoo ule umeshushwa, na mjane alilijua hilo.

Mvutano wa namna hiyo ulijitokeza tena Lamu mwanzoni mwa karne ya 20, pale Habib Swaleh, mwanzilishi wa Msikiti wa Riyadha, alipoendeleza maulidi yaliyosomwa kwa kupigwa matari. Baadhi ya wakubwa wa mji walipinga. Pingamizi lilitolewa kwa hoja za dini, lakini ndani yake lilikuwamo pia suala la hadhi, kwa kuwa maulidi hayo yaliwavuta watu wa tabaka la chini waliokuwa pembezoni mwa ibada za waungwana.

Ngoma: sauti kama usalama

Utawala wa Waingereza ulihamisha mamlaka ya kuruhusu kutoka kwa wenye mji kwenda kwa ofisa. Katika miji ya pwani, ngoma ya hadhara ilihitaji kibali cha serikali, na neno "ngoma" lenyewe likaingia katika Kiingereza cha kanuni na barua za maofisa. Katika lugha hiyo neno lilipoteza sehemu ya maana yake. Kwa Waswahili, ngoma ni ala, ni uchezaji, na ni shughuli nzima yenye chama, wafadhili na wapinzani. Kwa ofisa, ngoma ilikuwa kundi la watu wengi wakati wa usiku.

Beni ni mfano ulio wazi. Ngoma hii ilichipuka katika pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ikiiga bendi, gwaride na vyeo vya kijeshi, na vyama vyake vilishindana kwa mavazi, karamu na nyimbo za mafumbo. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ilienea mbali kupitia askari na wapagazi. Terence Ranger, katika utafiti wake wa mwaka 1975, anaonyesha jinsi maofisa walivyoitilia shaka kuwa huenda ni mtandao wa kisiasa. Lililowatia hofu ni mpangilio wa vyama vilivyokuwa na viongozi, michango na mawasiliano kati ya mji na mji.

Itakuwa kosa, hata hivyo, kudhani kwamba malalamiko yote yalitoka kwa wakoloni. Margaret Strobel ameeleza mashindano ya vyama vya lelemama vya wanawake wa Mombasa na upinzani uliovikabili ndani ya jamii ya Kiislamu yenyewe. Wanazuoni wa mageuzi, akiwemo Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, walikemea ufujaji wa mali katika sherehe. Udhibiti wa serikali, basi, ulikutana na ubishi wa ndani uliokuwapo tayari.

Urithi wa kibali baada ya uhuru

Kenya huru ilirithi Sheria ya Utulivu wa Umma ya mwaka 1950, na pamoja nayo desturi ya kumwachia ofisa wa wilaya uamuzi. Athari zake zilidhihirika Kamĩrĩĩthũ, Limuru. Wanakijiji walijenga uwanja wa maonyesho usio na paa, na tarehe 2 Oktoba 1977 wakaanza kuigiza Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Tarehe 16 Novemba leseni ilifutwa. Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa mwishoni mwa Desemba, na mwaka 1982 uwanja wenyewe ukabomolewa.

Suala halikuwa kiwango cha sauti. Wakulima na wafanyakazi walikuwa wakisema kwa Kigĩkũyũ, mbele ya majirani zao, habari za ardhi na ujira. Kibali kilichotolewa kwa ajili ya burudani kilifutwa pale burudani ilipoeleweka. Marekebisho ya mwaka 1997 yalibadilisha utaratibu wa mikutano ya hadhara: badala ya kuomba leseni, waandaaji walitakiwa kuwaarifu polisi kati ya siku 3 na 14 kabla ya mkutano.

Desibeli: sauti kama kipimo

Kanuni za kudhibiti kelele na mtetemo za mwaka 2009, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, zilileta msingi mpya. Nje ya makazi, kiwango cha juu ni desibeli 50 mchana. Katika maeneo ya biashara ni 60. Usiku, unaohesabiwa kuanzia saa 2:01 hadi saa 12:00 asubuhi, kiwango ni 35 katika maeneo yote hayo. Manufaa yake si madogo. Mgonjwa, mzazi wa mtoto mchanga au mfanyakazi wa zamu, ambaye awali hakuwa na nguvu mbele ya mwenye spika, sasa ana kigezo cha kulalamikia.

Lakini kigezo hicho kina tatizo la ndani. Mazungumzo ya kawaida, yakisikilizwa kwa umbali wa mita 1, hukaribia desibeli 60. Kwa kuwa desibeli hazipandi kwa kujumlisha bali kwa kuzidisha, tofauti ya 25 ina maana ya nguvu ya sauti iliyozidi mara 300. Kwa hiyo ni vigumu kufikiria arusi, maulidi, mkesha wa injili au tamasha la usiku karibu na makazi ambalo halitavuka 35. Pale ambapo karibu kila shughuli inavuka mpaka, mpaka hauchagui tena. Anayechagua ni ofisa anayetoa leseni ya kuzidisha kiwango, au anayeamua ni wapi pa kwenda na kipimo. Hivyo hiari ya ofisa, iliyodhaniwa kuondolewa na namba, inarejea kupitia namba zile zile.

Hitimisho

Katiba ya mwaka 2010 imeyakutanisha mambo haya bila kuyapatanisha. Ibara ya 37 inalinda haki ya kukusanyika, ya 42 haki ya mazingira safi, na ya 44 haki ya kushiriki katika utamaduni. Jedwali la Nne linazikabidhi serikali za kaunti udhibiti wa kelele na, kando yake, shughuli za utamaduni na burudani. Ofisi moja, basi, inaweza kuwa mlezi wa ngoma na mzimaji wake. Historia iliyochunguzwa hapa inaonyesha kwamba kipimo pekee hakitoshi kuleta haki. Inahitajika pia sababu ya kila kibali kinachotolewa au kunyimwa iandikwe na iwe wazi kwa umma, ili ijulikane ni lini kinacholindwa ni usingizi wa jirani, na ni lini ni cheo au hofu ya mwenye mamlaka. Mwana Darini hakuwa na mahali pa kuiuliza sababu hiyo. Raia wa leo anapaswa kuwa napo.