Bulamatari: neno moja, maana ngapi?

Wenye kupenda mots croisés wanajua kanuni yake: maelezo mafupi, jibu moja. Mchezo huo ulitokea mara ya kwanza katika gazeti New York World tarehe 21 Desemba 1913, kazi ya Arthur Wynne. Hapa tuugeuze kidogo. Jibu tunalo tayari, visanduku 10: BULAMATARI. Tutafute maelezo yake.

Mwanafunzi mwenye kamusi ya Kiswahili atapotea. Matari kwake ni zile ngoma ndogo za kushika mkononi. Yule wa Lingala, anayesema mbulamatari, atafikiri mvua, ao mwaka. Lakini neno ni la Kikongo: bula ni kupiga, kuvunja; matari, ao matadi, ni mawe. Mji wa Matadi una jina lilo hilo.

Maelezo ya kwanza basi: «Mvunja mawe». Ya pili, ambayo vitabu vya shule vilipenda zaidi: «Jina la Stanley». Yeye alifika Vivi mwaka 1879, akitumwa kwa ajili ya mfalme Leopold II, na mwaka 1880 alianza kukata barabara ya kupita maporomoko ya mto hadi Isangila. Aliandika mwenyewe kwamba wakubwa wa Vivi walimpa jina hilo walipomwona akionyesha watu namna ya kutumia nyundo. Alilipenda sana. Alikufa mwaka 1904, na jiwe la kaburi lake kule Pirbright, Uingereza, linalo pia.

Ni hapo mimi sikubali haraka. Kuonyesha nyundo ni jambo moja, kuvunja mawe kutwa nzima ni jambo lingine. Barabara ile ilifanywa na mikono ya watu wengi, wenyeji pamoja na watu walioletwa kutoka Zanzibar, wasemaji wa Kiswahili kama sisi. Kazi ya wengi, jina likabaki kwa mmoja.

Lakini watu hawakuliacha kwake. Kuanzia 1885, wakati wa État Indépendant, Bulamatari akawa kila mzungu wa Leta, halafu Leta yenyewe. Misheni ilikuwa misheni, kompani ilikuwa kompani, na Bulamatari ndiye aliyetaka mpira, wapagazi na kodi. Ubelgiji ukachukua nchi mwaka 1908, jina halikubadilika. Mwaka 1917 kukaja kulima pamba kwa lazima: tena Bulamatari. Sasa maelezo yamekuwa mengine kabisa: «Anakuja kijijini, watu wanakimbilia pori». Aliyevunja mawe amekuwa mwenye kuvunja watu. Hakuna aliyekaa chini kuandika maana hiyo. Ilitoka katika vinywa vya wale waliobeba mizigo.

Tangu 1960 wazungu wa Leta wameondoka, lakini neno halikuondoka pamoja nao. Katika Kikongo na Lingala bado lina maana ya serikali, na huku mashariki tunasema zaidi Leta, kutoka Kifaransa.

Kwa hiyo mwalimu anayetaka kuweka BULAMATARI katika mots croisés za darasa lake achague vizuri. Akiandika «Stanley», watoto watajaza visanduku 10 upesi na kwenda mapumziko. Akiandika «Leta, katika kinywa cha mwenye kulipa kodi», watauliza maswali, na saa moja haitatosha.