Bunju na Neva: Historia ya Sumu ya Baharini, kutoka Pwani hadi Bonde la Lukuledi

Mto Lukuledi huanzia upande wa Masasi, hupita kaskazini mwa Uwanda wa Makonde na kuingia baharini katika ghuba ya Lindi. Bonde lake ni njia ya watu na bidhaa baina ya pwani na bara, samaki mkavu akiwamo. Bidhaa hupanda njia hiyo kwa wepesi. Ujuzi wa kuitambua hubaki nyuma.

Wavuvi wa pwani humwita bunju samaki ajivimbishaye anapotishwa, nao huonya kuwa haliwi. Asiye na jina hilo hana onyo. Septemba 1774, huko Kaledonia Mpya, Nahodha James Cook na Johann Reinhold Forster walionja maini na mayai ya samaki wa jamii hiyo aliyenunuliwa kwa mwenyeji. Viungo vyao vilikufa ganzi, lakini walipona. Nguruwe aliyekula matumbo alikufa.

Mwaka 1909 Mjapani Yoshizumi Tahara aliipa sumu hiyo jina la tetrodotoksini. Jinsi inavyofanya kazi ilifahamika baadaye. Ishara ya neva huzaliwa pale ayoni za sodiamu zinapoingia kwa kasi ndani ya seli kupitia vipito vilivyo katika utando wake. Mwaka 1964 Toshio Narahashi, John Moore na William Scott, kwa kutumia neva za kamba-mti, walionyesha kuwa sumu huzuia mkondo wa sodiamu na kuuacha ule wa potasiamu. Ishara hukatika: midomo hufa ganzi, misuli hulegea, pumzi hukoma, ilhali mgonjwa mara nyingi angali na fahamu zake.

Miaka mitatu baadaye, jarida la tiba la Afrika Mashariki lilichapisha taarifa ya mvuvi wa Zanzibar aliyeuawa na sumu hiyo. Taarifa hiyo inadhoofisha dhana kwamba ujuzi wa pwani ni kinga tosha, maana aliyekufa alikuwa mtu wa bahari. Mlaji wa Masasi au Newala yuko katika hali ngumu zaidi. Bunju akishakatwa kichwa, akachunwa na kuanikwa, alama zake zimetoweka, na sumu haiondolewi kwa jua wala kwa kupikwa. Dawa ya kuitengua haijapatikana. Mgonjwa husaidiwa kupumua mpaka sumu imtoke, hivyo uhai wake hutegemea umbali wa hospitali yenye uwezo huo.