Kidumbak, Chuo cha Wapiga Taarabu

Taarabu iliingia Unguja kutoka Misri enzi za Sultani Sayyid Barghash, ikiwa burudani ya kasri. Ikhwani Safaa, klabu iliyoundwa 1905, iliendeleza udi na kanuni, ala za wenye uwezo. Sisi wa Ng'ambo, mitaa ya watu wa kawaida mjini Unguja, tulijifunzia kwenye kidumbak, muziki wa harusi wa ngoma, fidla na ala za kujitengenezea.

Mimi nilianza na mkwasa, vijiti viwili vya kugonganisha. Ukichelewa, mpiga fidla anakukata jicho mbele ya bibi harusi. Kisha nikapewa cherewa, vifuu vilivyotiwa mbegu. Sanduku ndilo lilinitoa jasho. Ni sanduku la mbao la kusafirishia chai, limefungwa kamba moja iendayo kwenye fimbo. Unalikanyaga lisihame, unavuta fimbo, kamba inakaza, sauti inapanda. Halina alama za kukuongoza, sikio tu. Vidumbak viwili, zile ngoma ndogo, vinachachua, wanawake wanakata viuno, na nyimbo za taarabu zinaunganishwa bila kupumua.

Huko ndiko klabu za taarabu zilikopata wapigaji na waimbaji. Makame Faki, "Sauti ya Zege", aliongoza kidumbak na akaimba pia Culture Musical Club, iliyoanzishwa 1958. Wanaokiita kidumbak taarabu ya maskini wasisahau nani aliwafundisha wapigaji wao.