Neoteni ya Binadamu: Utoto Unaodumu Kiungo kwa Kiungo

Neoteni ni hali ya kiumbe kufikia umri wa kuzaa huku kikiwa bado na maumbile ambayo kwa mababu zake yalikuwa ya uchangani. Mfano mashuhuri ni aksolotli, salamanda wa Ziwa Xochimilco, Meksiko. Salamanda wengi huanza maisha majini wakipumua kwa matamvua, kisha hugeuka na kuhamia nchi kavu. Aksolotli hubaki majini, matamvua yakimning'inia nje ya shingo, na hutaga mayai katika umbo hilohilo. Mwaka 1865, mjini Paris, Auguste Duméril aliwaona baadhi yao wakipoteza matamvua na kuwa salamanda wa nchi kavu. Baadaye ilibainika kuwa homoni ya tezi ya thairoidi inatosha kuleta mageuzi hayo: uwezo wa kukomaa haukuwa umefutika, ulikuwa umezimwa tu.

Aliyeipeleka dhana ya neoteni mbali zaidi kwa binadamu ni Louis Bolk, mwanaanatomia wa Amsterdam. Mwaka 1926 alidai kwamba binadamu, kimaumbile, ni kijusi cha jamii ya nyani kilichofikia umri wa kuzaa. Alitaja uso bapa, uhaba wa manyoya, mishono ya fuvu inayochelewa kuziba, na mengine mengi. Urefu wa orodha ndio ulioficha udhaifu wake. Bolk aliitumia hata kuzipanga mbari za watu kwa madaraja, Wazungu wakiwa juu. Zikichaguliwa sifa nyingine, mpangilio unapinduka, kwa hiyo mizani hiyo haikuwa na mawe.

Fuvu, hata hivyo, linampa ushahidi usiopuuzika. Fuvu la sokwe mchanga na la mtoto wa binadamu yanafanana mno: paji la mviringo, taya fupi, na tundu la kupitishia ugwe wa mgongo likiwa karibu na katikati ya kitako cha fuvu. Sokwe anapokua, taya husukumwa mbele, tuta la mfupa huota juu ya macho, na tundu lile husogea nyuma. Kwa binadamu mabadiliko hayo ni madogo, hata fuvu la mtu mzima likaelekea kumshabihi sokwe mchanga kuliko sokwe aliyekomaa.

Kuanzia kiunoni kushuka chini, hoja inageuka. Mtoto mchanga ana miguu mifupi; mtu mzima ana miguu mirefu kupita ya sokwe yeyote, na huo ni ukuaji uliozidishwa. Kidevu kinachochomoza nacho hakimo kwa sokwe, mchanga wala mkubwa. Stephen Jay Gould, alipoifufua nadharia hii mwaka 1977, aliihamishia kwenye kasi: ukuaji wa binadamu umepunguzwa mwendo, na baadhi ya sifa za utotoni hubaki kama matokeo. Wakosoaji, akiwamo Brian Shea, walijibu kwamba kukua polepole na kukua kwa muda mrefu ni mambo mawili. Jibu hilo ni zito.

Ubongo unaonyesha kwa nini. Mtoto wa binadamu huzaliwa na ubongo wenye kama asilimia 30 ya ukubwa wake wa mwisho. Wa sokwe ni kama asilimia 40. Baada ya hapo ubongo wa binadamu huendelea kukua kwa kasi ya tumboni kwa takriban mwaka mzima, hivyo ukubwa wake hautokani na mwendo wa polepole. Kinachochelewa ni ukomavu. Utando wa mafuta unaofunika nyuzi za neva katika sehemu ya mbele ya ubongo huongezeka hadi mtu anapopita miaka 20, ilhali kwa sokwe hukamilika karibu na kubalehe.

Wala ukuaji huo wa polepole haukuja pamoja na miguu mirefu. Mwaka 1984 Kamoya Kimeu aligundua mabaki ya mvulana huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, yenye takriban miaka milioni 1.5. Miguu yake ilikuwa mirefu kama ya watu wa leo. Hatua ya meno yake, kwa vipimo vya mtoto wa sasa, ingempa miaka 11 hivi. Mistari midogo ya ukuaji iliyomo ndani ya meno inampa kama 8. Alikuwa akikua haraka kuliko watoto wa leo.

Mfano safi kuliko yote wa sifa ya utotoni inayodumu umo utumboni. Mamalia kwa kawaida huacha kutengeneza laktesi, kimeng'enya kinachosaga sukari ya maziwa, baada ya kuachishwa ziwa, na ndivyo ilivyo kwa watu wazima wengi duniani. Katika jamii nyingi za wafugaji utengenezaji huendelea maisha yote. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walionyesha kwamba wafugaji wa Tanzania, Kenya na Sudan wana mabadiliko ya kijenetiki tofauti na yale ya Ulaya. Njia ni tofauti, na katika zote jeni la laktesi lenyewe halikuguswa. Kilichobadilika ni kipande cha jirani kinachoamua lizimwe lini.