Njia kwa Haki, Njia kwa Ada

Vijia vya Manyatta, katika mji wa Kisumu, vipitavyo baina ya kuta za mabati, vingine havizidi upana wa mikono miwili iliyonyoshwa. Na kabla jua halijapanda, vimekwisha kupitiwa na wanafunzi, na mama auzaye omena na beseni lake kichwani, na mkokoteni wa maji, na bodaboda apigaye honi kabla hajafika penye pembe. Pikipiki ikiteleza matopeni humo na abiria akavunjika mguu, akapelekwa katika hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji wangali wakiiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti, daktari ataushughulikia mguu. Lakini karani wa kumbukumbu, akiisha kupokea faili, hukabiliwa na suali lisilomo katika picha ya eksirei: je, pale alipoangukia palikuwa barabara?

Asili ya suali hilo yatoka mbali. Katika karne ya 19, William Farr, mtaalamu wa takwimu katika ofisi ya usajili ya Uingereza, alishikilia kuwa mauti hayahesabiki sawasawa mpaka maradhi yaitwe kwa majina mamoja. Na mwaka 1893 Mfaransa Jacques Bertillon aliwasilisha mjini Chicago orodha ya sababu za mauti, ambayo baadaye ilikubaliwa na mataifa mengi. Mwaka 1948 Shirika la Afya Duniani, likiwa bado changa, liliipokea amana hiyo, na katika sahihisho la sita jeraha likapewa alama mbili: ya kwanza ya mwili ulivyoumia, ya pili ya kisa kilichouumiza.

Sahihisho la kumi, lililoidhinishwa mwaka 1990, ndilo lililotenga herufi V kwa ajali za usafiri, likazipanga kwa hali ya majeruhi: aendaye kwa miguu, V01 hadi V09, wa baiskeli, V10 hadi V19, wa pikipiki, V20 hadi V29, wa chombo cha magurudumu matatu, ndiyo tuktuk yetu, V30 hadi V39. Abiria wetu, ambaye pikipiki yake haikugongana na kitu, ni V28. Na baada ya nukta ndipo penye hukumu, kwani akiumia katika njia ya umma huandikwa V28.5, na akiumia nje yake, V28.1.

Basi njia ya umma ni ipi? Waliotunga kanuni hawakudai lami wala ramani ya baraza la mji. Walisema ni eneo lote, toka mpaka wa milki hata mpaka wa milki, lililo wazi kwa watu kupita na kupitisha mali zao, ama kwa haki ama kwa ada. Neno hilo la mwisho ndilo lililoipatia Manyatta barabara zake. Mtaa ambamo nyumba zilitangulia na njia zikafuata huwa na haki chache zilizoandikwa, walakini ada yake hushuhudiwa na kila unyayo. Na kijia cha mama wa omena, kwa fasili hiyo, ni njia kamili kama ile iendayo Kakamega. Tena karani asiyeambiwa mahali ameagizwa achukulie kuwa pikipiki ilikuwa njiani.

Bodaboda alizaliwa mpakani Busia katika miaka ya 1960, kwa baiskeli na kiti cha nyuma, na kwa miaka mingi Kisumu ilijulikana kwa baiskeli hizo. Hata serikali ilipoondoa kodi ya pikipiki ndogo mwaka 2008, injini ikashika mahali pa kanyagio. Daftarini mageuzi hayo ni ya tarakimu moja tu: baba aliyeanguka kijiani akiwa abiria alikuwa V18.5, mwanawe leo ni V28.5.

Herufi V yajua kuwa palikuwa njia. Haijui ni ipi. Wamarekani, walipoanza kulitumia sahihisho hilo la kumi mahospitalini Oktoba 2015, waliongeza alama chini ya Y92.4, wakapambanua barabara kuu, mtaa wa makazi, ukingo wa waendao kwa miguu na uwanja wa kuegesha magari. Hata hivyo hakuna alama itajayo pembe kwa jina lake. Jina hilo aghalabu limo katika maneno machache aliyoyatoa ndugu wa majeruhi pale mapokezini. Karani akiliandika kando ya alama, mhandisi atafutaye mahali pa kumwaga changarawe atajua pa kwenda. Asipoliandika, atakuta daftari lililojaa V28.5, na Manyatta nzima ikiwa njia moja isiyo na pembe.